Kreti Tupu Ndiyo Oda

Kwenye depo ya soda ya mtaani, Dar es Salaam, siku huanza kwa kelele za chupa. Guta linaingia uani limesheheni makreti, kila moja na vishimo vyake 24, na ndani ya kila kishimo chupa tupu. Kijana anashusha. Mwenye depo hashiki hata kalamu. Anapitisha macho juu ya makreti, keshajua Coca-Cola zilizorudi ni ngapi, Fanta ngapi, Sprite ngapi, maana kila soda na umbo la chupa yake. Anapakia zilizojaa kwa idadi ileile, anapokea pesa, anazitia kwenye mkoba wa kiunoni, na guta linatoka. Kabla jua halijawa kali, mzigo umeshaingia kwenye friji la duka la Mangi.

Toka mjini sasa. Fuata barabara ya vumbi mpaka kijiji ambacho basi hufika mara moja kwa siku, na masika halifiki kabisa. Soda utaikuta. Pengine itakuwa ya moto, lakini utaikuta. Hatua mia mbili kutoka dukani kuna zahanati, na hapo, kwa miaka mingi, mama aliyembeba mtoto anayeharisha ameambiwa maneno ambayo kila Mtanzania ameyasikia walau mara moja: dawa zimeisha, kanunue nje.

Barabara ni moja na vumbi ni lilelile. Tena soda ni nzito kuliko dawa, huvunjika, na faida ya chupa moja ni ndogo. Dawa ya kuzuia mtoto asikaukiwe na maji mwilini ni pakiti ya unga inayoingia kwenye mfuko wa shati. Kwa nini basi cha kwanza kinafika na cha pili hakifiki?

Wataalamu wa mnyororo wa ugavi wamelizungusha swali hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, na majibu waliyoyapata yanafundisha kuliko michoro ya mishale na visanduku inayojaza vitabu vya somo hili. Kiswahili chenyewe kimeweka mtego kwenye neno. Ugavi ni mtoto wa kugawa. Anayegawa ndiye mwenye chungu. Amesimama, ameshika upawa, na wengine wananyoosha sahani zao. Mwenye depo ya soda hagawi. Yeye anajaza pengo alilooneshwa na kreti tupu, na pengo hilo lilichimbwa na mwanafunzi aliyekunywa Fanta jana mchana.

Mwaka 1988 Mwingereza Simon Berry alikuwa kaskazini mwa Zambia akifanya kazi katika mradi wa maendeleo uliofadhiliwa na nchi yake. Wakati huo karibu mtoto mmoja kati ya watano nchini humo hakufikisha miaka mitano, na kuhara kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Berry aliona lile lile ambalo kila msafiri wa Afrika huliona: Coca-Cola iko kila mahali. Akalitazama kreti, akaona kati ya shingo za chupa kuna nafasi isiyobeba kitu. Wazo likamjia: weka dawa ya kuhara pale, isafiri bure na soda.

Hakusikilizwa. Miaka 20 ikapita, intaneti ikaja, na mwaka 2008 akalirusha wazo upya mtandaoni. Safari hii watu wakalipokea, na kampuni yenyewe ikakubali kuzungumza naye. Yeye na mkewe Jane wakaanzisha shirika la ColaLife, wakarudi Zambia, na mwaka 2012 majaribio yakaanza katika wilaya za Kalomo na Katete.

Walichobuni kilikuwa kizuri kweli. Kiliitwa Kit Yamoyo, vifaa vya uhai. Ndani kulikuwa na pakiti za ORS, ule unga wa kuzuia mtoto asikaukiwe na maji, vidonge vya zinki, sabuni na karatasi ya maelezo. ORS ya kawaida huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi, na kuna kina mama wengi wasio na chombo cha kupimia lita. Isitoshe, mchanganyiko huo unatakiwa kumwagwa baada ya saa 24, wakati mtoto mdogo hawezi kunywa lita nzima kwa siku. Pakiti za Kit Yamoyo zilikuwa za mililita 200, na kopo lenyewe lilikuwa ndicho kipimio, ndicho kikombe. Umbo lake lilichongwa ili likae sawasawa kati ya shingo za chupa. Mwaka 2013 Jumba la Makumbusho ya Ubunifu la London lililitunuku kopo hilo zawadi ya bidhaa bora ya mwaka.

Matokeo nayo yalipendeza. Kabla ya majaribio, kati ya watoto walioharisha, waliopewa ORS pamoja na zinki walikuwa chini ya mmoja katika kila mia. Mwaka mmoja baadaye, katika wilaya zile mbili, walikaribia nusu.

Ila jambo moja halikwenda kama lilivyopangwa, na ndilo lililowafundisha zaidi. Ile nafasi kati ya chupa karibu haikutumika. Wenye maduka waliopachika makopo kwenye kreti hawakufika mmoja kati ya kumi. Wengine waliyafunga kwenye keria ya baiskeli pamoja na sukari, betri na sabuni za kufulia, wakakanyaga kurudi kijijini. Waliyachukua kwa sababu wateja waliyataka na kila kopo lilibakiza kitu mfukoni: cha mwenye duka la jumla mjini, na cha mwenye duka la rejareja kijijini. Wazo lililobeba zawadi ya London halikuwa ndilo lililobeba dawa.

Berry anastahili heshima kwa kuwa alilisema hilo hadharani badala ya kulifunika. Baada ya majaribio, umbo la kukaa kwenye kreti likaachwa na kifungashio rahisi zaidi kikatengenezwa. Ilibainika pia kwamba kina mama hawakumaliza pakiti nane zilizokuwa ndani. Idadi ikapunguzwa hadi nne, na gharama ikashuka.

Kama si kreti wala lori, soda inabebwa na nini?

Jibu mojawapo limo kwenye ile chupa tupu. Duka linalotumia chupa za kurudisha haliwezi kuchukua soda zaidi ya chupa lilizonazo, labda lilipie chupa mpya. Kwa hiyo kila kreti linalorudi depo ni taarifa ya mauzo, nayo haidanganyi. Haisemi mwenye duka anatarajia kuuza ngapi wala anatamani kuuza ngapi. Inasema zilizokunywewa ni ngapi na za aina gani. Kutoka depo makreti hurudi kiwandani, iwe ni Bonite ya Moshi au Nyanza ya Mwanza, na taarifa inakwenda nayo, ikigongana na kupiga kelele njia nzima.

Wajapani wana neno la mpango wa namna hii: kanban. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alivutiwa na supermaketi za Marekani, ambako mteja huchota anachotaka rafuni na mfanyakazi akajaza pale palipochotwa. Toyota baada ya Vita Kuu ya Pili haikuwa na fedha za kulaza kwenye maghala. Ohno akaamua kila kituo cha kazi kiwe duka na kituo kinachofuata kiwe mteja wake. Fundi akichukua boksi la vipuri, kadi iliyokuwa juu yake inarudi nyuma kwa waliotengeneza. Kadi ikirudi, wanatengeneza boksi jingine, isiporudi, wanakaa. Duniani kote watu hulipa ada kubwa kujifunza kanban. Vijana wa magutani huko Manzese wamekuwa wakiiendesha bila kujua inaitwaje, na kadi yao ni kreti.

Jibu la pili ni ukubwa wa mzigo. Lori la kiwanda haliwezi kupenya uchochoro wenye mtaro katikati, na duka la futi sita kwa sita halina pa kuweka makreti hamsini wala pesa ya kuyanunua. Coca-Cola ililipatia tatizo hilo dawa mwaka 1999 mjini Addis Ababa, kisha ikaieneza Afrika Mashariki na kwingineko: depo ndogo zinazomilikiwa na wafanyabiashara wa mtaani, zenye mikokoteni na watu wa kuisukuma, kila moja na maduka yake ya kuhudumia. Lori linaishia depo. Kuanzia hapo mzigo unakatwakatwa, makreti mawili huku, moja kule, kila siku au kila baada ya siku mbili. Mwenye duka halazi mtaji. Anachouza leo ndicho kinacholipia cha kesho. Haba na haba, lakini kibaba kinajaa kila jioni.

Tuirudie sasa zahanati, kwa haki, kwa sababu yaliyotokea huko hayakusababishwa na uzembe wa mtu mmoja.

Katika miaka ya 1980 vituo vya afya vya vijijini Tanzania vililetewa dawa kwa mfumo wa kit: masanduku yaliyopangwa tayari na kufungwa, yenye dawa za aina moja kwa kiasi kimoja. Kwa wakati ule ulikuwa mpango wa busara. Hakukuwa na simu wala takwimu za kuaminika, na sanduku lililofungwa halidokolewi njiani. Lakini sanduku halijui liko wapi. Zahanati ya pwani ya Lindi, yenye malaria mwaka mzima, na zahanati ya milima ya Makete, kwenye baridi ya kuua mbu, zilifungua masanduku yanayofanana. Huku klorokwini inakwisha katikati ya mwezi, kule inarundikana mpaka inapita muda wake. Huo ndio ugavi kwa maana yake ya asili, upawa na sahani.

Bohari ya Dawa, MSD, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na katika miaka ya 2000 mfumo ukageuzwa. Zahanati zikaanza kuagiza zenyewe kwa fomu ya taarifa na maombi: ulianza na kiasi gani, ulipokea kiasi gani, ulitumia kiasi gani, umebakiwa na kiasi gani, siku ngapi ulikuwa huna kabisa. Ili maombi ya nchi nzima yasifurike kwa siku moja, vituo viligawanywa makundi matatu, A, B na C, kila kundi na mwezi wake wa kuagiza. Hilo la makundi linaonekana dogo, lakini ghala lenye watu walewale na malori yaleyale huhudumia zaidi pale kazi inapokuja kwa mtiririko sawa kuliko inapokuja kama mafuriko na kufuatiwa na ukame.

Fomu ni hatua mbele ya sanduku. Hata hivyo fomu ina udhaifu ambao kreti tupu halina: inajazwa na binadamu mwenye hofu.

Chukua mganga mfawidhi anayehitaji maboksi kumi ya dawa ya mseto ya malaria. Anaagiza kumi, yanakuja manne, maana bohari imepungukiwa. Wagonjwa wanamlalamikia yeye, hawamlalamikii mtu wa bohari huko Keko. Safari ijayo hataandika kumi. Ataandika ishirini na tano, akitumaini kupata kumi. Jirani yake afanye hivyohivyo, na wa tatu, na mahitaji yanayoonekana wilayani yatakuwa mara mbili na nusu ya malaria iliyopo. Wilaya nayo itaongeza kidogo kwa tahadhari. Bohari itaagiza nje ya nchi shehena kubwa, itakayofika miezi kadhaa baadaye, wakati mvua zimekwisha na kila mtu amejaza stoo. Sasa hakuna anayeagiza. Bohari inaona mahitaji yamekufa, inapunguza manunuzi, na mbegu ya upungufu mwingine imeshapandwa.

Kampuni ya Procter & Gamble ilikutana na jambo hilohilo kwenye nepi za Pampers. Watoto wachanga wana tabia moja njema: hawazidishi wala hawapunguzi haja zao kwa kufuata msimu wa biashara. Mauzo madukani yalikwenda karibu sawa, lakini oda za wauzaji wa jumla ziliyumba, na oda ambazo kampuni ilipeleka kwa watengenezaji wa malighafi zikayumba zaidi. Jina lililobaki ni athari ya mjeledi: mkono unatikisa mpini kidogo, ncha inaruka hewani. Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wawili walichambua vyanzo vyake. Kila mmoja hukisia kwa kuangalia oda za aliye mbele yake badala ya mauzo ya mwisho. Watu hurundika oda ili waagize mara moja kwa wingi. Bei za ofa huwafanya wanunue wasichohitaji sasa. Na bidhaa ikiadimika kila mtu hudanganya mahitaji yake. Aliyewahi kuona sukari ikiadimika mtaani anaijua sababu ya nne bila kufundishwa. Uvumi unatoka asubuhi, na jioni hata asiyetumia kilo kwa mwezi anabeba kilo tano.

Wote kwenye mnyororo wa namna hiyo wanatumia akili, kila mmoja kwa hesabu yake mwenyewe. Kuwatishia hakusaidii. Kinachosaidia ni kumwezesha aliye mwisho wa kamba kuona kilichotumika kwa mlaji, bila kupitia hofu za waliosimama katikati.

Jaribio lililothibitisha hilo lilifanyika Tanzania kuanzia mwaka 2009, na vifaa vyake vilikuwa simu za kawaida zilizokuwa tayari mifukoni mwa wahudumu wa afya. Liliitwa SMS for Life. Vituo 129 vya Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga viliingizwa. Kila Alhamisi ujumbe ulitumwa: una mseto kiasi gani, una sindano za kwinini ngapi? Aliyejibu kabla ya Ijumaa kwisha alipata salio la bure. Majibu yaliingia kwenye tovuti ambayo wakuu wa afya wa wilaya waliweza kuifungua.

Wiki ya kwanza, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78. Wiki ya 21 vilibaki asilimia 26. Sehemu ya dawa zilizoziba mapengo ilikuwa tayari wilayani. Zahanati moja ilikuwa na ziada na nyingine haina kitu, na hakuna aliyekuwa na jicho la kuziona zote mbili kwa pamoja. Lile salio nalo lisidharauliwe. Linafanya kazi ileile ya senti chache anazobakiza mwenye duka kwenye Kit Yamoyo.

Hapo ndipo linapoingia suala la akiba, na wahenga watatuwia radhi. Akiba haiozi, walisema. Ni wazi hawakuwahi kusimamia stoo ya dawa. Dawa huisha muda. Chanjo huharibika kwa joto. Hata bidhaa isiyooza, kama bati au saruji, imelalia pesa ambazo zingezunguka mara tatu mahali pengine. Asiye na akiba naye anafunga duka siku lori likikwama Mikumi.

Hesabu yake si ngumu. Zahanati ikitumia dozi 30 kwa mwezi, na mzigo ukichukua miezi miwili kufika tangu uagizwe, basi dozi zikishuka hadi 60 oda iwe imeshatoka. Hiyo ni kwa dunia iliyotulia. Masika matumizi yanaweza kupanda hadi 60 kwa mwezi, na barabara hiyohiyo ikachelewesha gari. Akiba ya tahadhari ni ile inayowekwa juu ya zile 60 kwa ajili ya siku hizo, na ukubwa wake hutegemea kuyumba kwa mambo kuliko umbali wa safari. Lori linalotumia siku kumi kila safari linahitaji akiba ndogo kuliko linalotumia siku tatu leo na ishirini na tano mwezi ujao, ingawa hilo la pili lina siku ambazo linaonekana la kasi. Wafanyabiashara wengi hulipa zaidi kwa msafirishaji mwenye haraka. Afadhali wangemlipa anayefika siku aliyosema.

Toyota yenyewe ilionja hatari ya kukaa bila akiba. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin Seiki mjini Kariya, kilichotengeneza karibu vali zote ndogo za breki ambazo Toyota ilitumia. Vali moja hutosha kwenye kiganja. Toyota ilikuwa na akiba ndogo sana ya vali hizo, na ndani ya siku chache karibu viwanda vyake vyote vya Japani vilisimama. Kilichoiokoa ni majirani: makampuni mengi, mengine hayajawahi kutengeneza vali, likiwamo la cherehani la Brother, yaligeuza mashine zao, na baada ya wiki moja hivi magari yakaanza kutoka tena. Baada ya tetemeko la mwaka 2011 kampuni ikaenda mbali zaidi, ikawataka wauzaji wake wa chipu za kompyuta wahifadhi akiba ya miezi kadhaa. Mwaka 2021 ulipoanza na chipu zikaadimika duniani, walioiga somo la Ohno bila sura hii ya mwisho ndio waliosimama kwanza.

Ipo njia nyingine ya kuweka akiba, nayo ni kuikusanya mahali pamoja. Kila hospitali ikitunza damu ya kila kundi, damu nyingi itamwagwa, maana makundi adimu huombwa mara chache na damu hudumu wiki chache tu. Mwezi Oktoba 2016 Rwanda ilianza kurusha damu kwa ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline kutoka kituo cha Muhanga. Picha za miavuli midogo ya karatasi ikishuka kwenye nyasi zilizunguka dunia, na watu wakasifia kasi. Kasi ni kweli, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionesha faida nyingine: damu iliyoharibika kwa kuisha muda katika hospitali ilipungua kwa asilimia 67. Hospitali ziliacha kulimbikiza, kwa kuwa ziliamini kwamba zikiomba zitaletewa. Mganga mfawidhi wetu wa maboksi ishirini na tano angeelewa mara moja.

Kipande cha mwisho cha njia ndicho ghali kuliko vyote. Kontena kutoka Shanghai hadi Dar es Salaam husafiri na maelfu ya wenzake na kugawana gharama. Boksi moja kutoka makao makuu ya wilaya hadi zahanati ya ng'ambo ya mto halina wa kugawana naye. Kwa miaka mingi MSD iliishia wilayani, na dawa zilikaa stoo ya wilaya zikisubiri gari la wilaya, ambalo lilisubiri mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 bohari ilianza kupeleka moja kwa moja mpaka kwenye vituo, vilivyozidi 5,000, na katika kupanga upya njia na maghala ilisaidiwa na watu wa Coca-Cola wenyewe, kwa mpango uliounganisha pia Mfuko wa Dunia na wakfu wa Bill na Melinda Gates. Swali la soda na dawa likawa limerudi kwa mwenye soda ajibu.

Ushirikiano huo haukuweza kuazima kila kitu. Kiwanda cha soda kina bidhaa chache, bohari ina mamia kwa mamia. Anayekosa Coca-Cola atakunywa Fanta. Mzazi anayevuja damu hawezi kubadilisha dawa ya oksitosini kirahisi hivyo. Tena soda hulipiwa taslimu kwenye kila mkono, pesa inapanda kiwandani siku ileile mzigo unaposhuka. Dawa za umma hulipiwa kwa bajeti, na bajeti huchelewa; deni la Serikali kwa MSD limetajwa bungeni mwaka baada ya mwaka. Mnyororo ambao pesa zake zinakuja baada ya miezi kadhaa utakata hata ukipewa malori mapya kila wiki.

Soda nayo haikubaki ilivyokuwa. Chupa za plastiki zimejaa, nyepesi, hazivunjiki, hazidaiwi, mteja anaondoka nazo na hazirudi tena. Kijana wa guta siku hizi anaingia depo na guta tupu. Mwenye depo anampigia simu mwenye duka, anauliza zimebaki ngapi, anajibiwa kwa kukisia, na kwa mara ya kwanza analazimika kutafuta daftari.